Aliyemwacha Masunga Njia Panda

Mtaani kwetu Bariadi, nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, tulimwita Mwongozaji. Jina lake lilijulikana, lakini sikumsikia mtu akilitumia isipokuwa mkewe, Mama Kabula, na yeye ni pale tu alipokuwa na hasira.

Alikuwa na mwendo wa ajabu. Alitembea hatua chache, akageuka nyuma, akatazama, kisha akaendelea. Hata akienda peke yake dukani kununua chumvi alifanya hivyo. Watoto walimfuata wakimwigiza, na yeye akigeuka aliwakuta wote wamegeuka, wanatazama nyuma kama yeye. Hakuwafukuza. Aliwapanga mstari, mdogo mbele, mkubwa nyuma, halafu akaenda nao hivyo hivyo mpaka dukani. "Mdogo akikaa nyuma mnampoteza," aliwaambia. Wao waliona ni mchezo.

Nilikuwa mpangaji wake. Nilifika Bariadi nikitokea kwetu Shishiyu, nikaajiriwa fundi wa mitambo pale kiwandani, wakati ambapo pamba yote ya wilaya bado ilinunuliwa na chama cha ushirika. Yeye alikuwa amerudi karibuni kutoka mashariki ya nchi. Alikwenda huko ujanani kukata miwa kwenye shamba kubwa chini ya milima. Juu ya shamba kulikuwa na msitu wa mvua, na msitu huo ulipofanywa hifadhi, wageni wakaanza kuja kuupanda kwa miguu. Wakatafutwa watu wa kufungua njia. Yeye aliingia na panga na sululu, na baada ya miaka akawa ndiye anayetangulia mbele ya wageni. Kisha ikaja ile hali ya kila kitu kukabidhiwa watu binafsi. Kazi ya njia ikapewa kampuni, kampuni ikaja na watu wake, na yeye akaambiwa apumzike. Akarudi nyumbani na mkewe, begi moja na panga lililolika katikati.

Sisi ni watu wa nchi ya wazi. Kwetu mtu anasimama mlangoni na kuona ng'ombe wa jirani wanaporudi kutoka mtoni. Kwa hiyo alipotueleza habari za msitu, wengi walidhani anatia chumvi. Alisema kuna miti ambayo mizizi yake imesimama kama kuta, na mtu anaweza kujificha katikati ya mizizi miwili asionekane. Alisema saa sita mchana kunakuwa kama jua linazama, na sauti ya mtu aliye mbali kidogo inakuja kutoka upande ambao hayupo. Jambo hili la sauti alilirudia mara nyingi. Mzee mmoja, jirani yetu, alimuuliza, "Sasa ng'ombe wanalishwa wapi huko?" Akajibu kwamba hakuna ng'ombe. Mzee akasema basi hiyo si nchi, na watu wakacheka.

Kuhusu njia alikuwa na maneno yake. Alisema njia ya msituni ni kazi ya kila siku kama kukamua. Ukiiacha kidogo majani yanaifunga, na mvua inaila kutoka chini. Alijua namna ya kulaza magogo kwenye mteremko ili udongo usichukuliwe na maji, na namna ya kuikata njia kwa kuizungusha mlima ili mgeni apande bila kujua kwamba anapanda. Uwanja wetu ulikuwa tambarare kabisa, lakini alilaza magogo kuanzia kwenye ua wa minyaa mpaka mlangoni. Tulijikwaa sote. Mama Kabula aliyang'oa mawili akayafanya kuni.

Alikuwa mcheshi, hilo nisilifiche. Aliweza kuigiza wageni wa kila aina, yule anayeogopa siafu, yule anayetaka kupiga picha kila jani, yule anayesema hachoki halafu anakaa chini na kukataa kuinuka. Aliigiza mbega wanavyoruka na manyoya yao meupe, mpaka Kabula, bintiye, akawa anatokwa na machozi kwa kucheka. Lakini wingu likitanda tu, ucheshi uliisha.

Kwetu mvua ikichelewa watu wanakonda. Wanaume wanakaa wakitazama udongo mweusi wa mbuga ulivyopasuka, wanawake wanapima michembe ya viazi vikavu iliyobaki. Siku mvua inaponyesha, watu wanatoka nje wanalowa kwa hiari. Yeye aliingia ndani, akafunga dirisha, akakaa kitandani na mikono masikioni. Mwaka mmoja ambao mvua ilichelewa sana, jirani alimwona akifunga dirisha siku ilipofika, akaanza kumwambia kila mtu kwamba huyu ndiye anayeizuia. Maneno ya namna hiyo si madogo huku kwetu. Watu waliacha kumsalimia. Mama Kabula alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba mumewe ana maumivu ya masikio. Mimi nilimwamini.

Jambo la pili ambalo sikulielewa lilikuwa Nkoma. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, walihitaji mtu wa kuwaonyesha njia za vijijini, nao wakamchukua. Alipanda nao kwenye lori, akawaonyesha vijiji, akawapatanisha na wakulima. Lakini kila walipotaka kwenda Nkoma, ambako pamba ilikuwa nyingi, alishuka kabla ya kufika. Alikaa chini kando ya barabara akasubiri lori lirudi. Mnunuzi mmoja alimuuliza kama ana deni huko. "Ni ukweni," alijibu. Yule mnunuzi, mgeni wa mkoa mwingine, alicheka akasema hata yeye anamkwepa mama mkwe wake.

Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawali pamoja, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Kwa hiyo nami niliona ni heshima tu, ila imezidi kidogo.

Nilikuja kuujua ukweli siku kiwanda chetu kilipofungwa. Pamba ilikuwa inakwenda kwa watu binafsi waliokuwa na mitambo yao, na chama hakikuwa tena na uwezo. Tulikusanywa uwanjani asubuhi, tukaambiwa mitambo inazimwa na kila mtu aende kwake mpaka atakapoitwa. Hatukuitwa tena. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye gogo mojawapo la uwanjani, na ovaroli yangu ya grisi. Nilikuwa na mke mjamzito huko Shishiyu ambaye nilimwahidi kumleta mjini. Mwongozaji alikuja akakaa kando yangu. Kisha akaanza kusema, bila mimi kumuuliza, labda kwa kuwa alimwona mtu ambaye siku hiyo hakuwa na nguvu ya kumhukumu mwingine.

Masunga alikuwa mdogo wake Mama Kabula, mtoto wa kiume pekee wa mama yao huko Nkoma. Alikuwa amechumbia, na alitaka ng'ombe wa mahari. Pamba mwaka ule ilikuwa mbaya. Mwongozaji, aliyekuja likizo, alimwambia mama mkwe wake kwa kupitia mkewe, kama desturi inavyotaka, kwamba amwachie kijana aende naye akafanye kibarua cha njia. Mama hakutaka. Alikubali baada ya kuahidiwa kwamba Masunga hatakwenda mahali ambapo shemeji yake hayupo.

Masunga aliipenda kazi. Alijifunza kulaza magogo, akajifunza kupaka alama za rangi kwenye miti. Siku moja walipanda na wageni kwenda kwenye maporomoko ya juu. Kundi la pili la wageni lilikuwa linafuata nyuma. Walipofika njia panda, ambapo njia mpya ilikuwa inaachana na ya zamani iliyofungwa, mgeni mmoja wa kike aliteleza akavunjika mguu. Ilibidi abebwe na watu wote waliokuwapo, kwa njia fupi ya upande mwingine. Mwongozaji akamwambia Masunga akae pale njia panda na mizigo, awangoje wa kundi la pili, awaelekeze wasije wakaingia njia ya zamani.

"Nikamwambia na neno jingine," alisema Mwongozaji. "Mvua ilikuwa inaanza. Mgeni analia. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka. Nikageuka nikamwambia, wasipokuja, usirudi tulikopanda, kule kutakuwa kumebomoka. Fuata kijito, kitakufikisha chini."

Akachora mstari mavumbini kwa kidole.

"Kijito kile nilikijua kinapoanza na nilikijua kinapoishia. Katikati sikuwahi kufika, Fundi. Hakuna aliyefika. Baadaye ndipo tulipoteremka kwa kamba tukaona. Ni ukuta wa mawe, maji yanatumbukia."

Kundi la pili halikufika. Lilikuwa limeiogopa mvua likarudi. Mwongozaji aliporudi na watu, mvua ilikuwa imemwagika kiasi kwamba waliita wasisikie hata sauti zao wenyewe. Pale njia panda walikuta mizigo imetundikwa vizuri kwenye tawi, imefunikwa na majani isilowe. Masunga hakuwapo. Walimtafuta kwa siku nyingi, juu na chini ya ukuta ule wa mawe. Hawakupata nguo wala kiatu. Kazi ya kumtafuta ilipositishwa, yeye aliendelea peke yake. Kila siku ya mapumziko aliingia msituni. Miaka yote aliyobaki kule, njia zote alizozifungua, alikuwa anatafuta. Mpaka kampuni ilipokuja kumwondoa.

"Na ukweni uliwaambiaje?" nilimuuliza.

"Niliwaambia nilimwacha njia panda nikamwambia asubiri, akaondoka."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo. Ila sikusema nani alimwambia aondoke."

Neno hilo lilifika Nkoma likakua. Watu walisema Masunga alikuwa mkaidi. Walisema aliambiwa asubiri akajifanya anajua. Wengine walisema alitoroka, amekimbia mahari, ana mwanamke mjini. Wazazi wa mchumba wake walisubiri kidogo, kisha wakamwoza binti kwingine, wakasema afadhali wamemjua mapema. Mama yake hakukubali hata neno moja. Alisema mwanawe hajawahi kumkatalia mtu mkubwa tangu azaliwe. Kama aliambiwa akae, angekaa mpaka aote mizizi. Kwa hiyo kama hakukaa, kuna mtu aliyemchukua.

Hapo ndipo waganga walipoingia. Wa kwanza alimwambia Masunga hajafa, amefanywa msukule, analima shamba la mtu usiku. Wa pili akasema anaweza kurudishwa. Kila mmoja alitaka ng'ombe. Boma la mama huyo, ambalo mumewe marehemu aliliacha limejaa, likaanza kuwa na nafasi. Ndugu walimsihi afanye matanga, anyolewe, roho ipumzike. Alisema hawezi kumlilia mtu aliye hai. Macho yakaanza kuingia ukungu, na hakutaka kwenda hospitali, kwa kuwa mganga mmoja alimwambia ataona siku mwanawe atakaporudi.

Haya yote Mama Kabula aliyaleta nyumbani kila alipotoka kumwona mama yake. Alikaa jikoni akieleza, huku mumewe amesimama mlangoni akisikiliza. Baada ya kuujua ukweli, mimi sikuweza tena kukaa karibu. Nilikuwa nikimwona Mwongozaji anafungua mdomo, anafunga.

"Mwambie mkeo," nilimsihi siku moja.

"Nikimwambia atamwambia mama yake."

"Si ndilo linalotakiwa."

"Mimi ndiye ninayepaswa kumwambia, na mimi siruhusiwi hata kukaa naye. Nitamwambia kwa kupitia nani? Kila nikimtuma mtu, neno litafika limekatwa tena."

Miaka ilipita hivyo. Mimi nilipata vibarua vya kutengeneza mashine za kusaga, nikamleta mke wangu Bariadi. Kabula aliolewa huko Mkula. Mwongozaji alizeeka haraka, nywele zikawa nyeupe kabla ya zangu kuanza. Aliacha kuigiza mbega. Watoto wapya wa mtaani hawakumfuata tena dukani.

Siku moja Mama Kabula alirudi kutoka Nkoma. Aliweka kanga yake kitandani, akatoka uani akakaa. Mumewe alimuuliza kuna nini. Akasema, "Amebaki ng'ombe mmoja, yule wa maziwa. Kesho mganga anakuja kumchukua. Na mama amesema akishamtoa huyo, atatoa shamba."

Mwongozaji alisimama hapo hapo. Alimwambia mkewe avae, wanakwenda. Kisha akaja kugonga kwangu. "Fundi, nisindikize. Nikikaa chini njiani, niinue."

Tulipanda lori la mnunuzi wa pamba, na kweli, lilipokaribia Nkoma aligonga bodi la lori ili dereva asimame. Nilimshika mkono. Alinitazama, akasema lori linakwenda haraka mno, anataka kwenda kwa miguu. Tukatembea, Mama Kabula mbele, sisi nyuma. Pamba ilikuwa imepasuka pande zote mbili. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ghala, akipepeta mtama kwa kupapasa. Mama Kabula alipiga magoti akasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama. Kisha akasema, "Nimekuja na mume wangu. Ana neno."

Yule mama aliacha kupepeta. Mwongozaji alikuwa amesimama mbali, nje ya minyaa, kama inavyopasa.

"Aliseme kwako, uniletee," mama alisema.

"Anasema ni lazima alilete mwenyewe."

Majirani wawili waliokuwa wakichuma pamba walisimama kutazama. Mama akauliza, "Ni habari ya mwanangu?"

"Ni habari yake, mayu," Mwongozaji alijibu mwenyewe kutoka kule nje. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wawili hao kusemezana moja kwa moja.

Mama aliinuka. Alishika fimbo yake akainyoosha mbele, upande wa ile sauti. "Shika huku," alisema. "Mkono wangu hutaushika. Nipeleke mahali ulipomwacha."

"Mayu, ni mbali. Ni mkoa mwingine."

"Nipeleke hivyo hivyo. Kila mtu anayekuja hapa ananiambia njia panda, njia panda. Sijui ikoje. Nionyeshe."

Mwongozaji alinitazama. Akashika ncha ya fimbo, mama akashika ncha nyingine, wakatoka nje ya minyaa na kuingia kijia cha katikati ya pamba. Alianza kwa sauti ndogo. Hapa tunapanda, mayu. Hapa kuna gogo, nililaza mimi, inua mguu. Na yule mama aliinua mguu. Hapa ni giza kidogo, miti imefunga juu. Huku kushoto ni maji, unasikia. Hapa Masunga alipaka alama ya rangi. Mama alisimama, akanyoosha mkono pembeni, akapapasa hewa, kisha wakaendelea. Mama Kabula alikuwa nyuma yao ameziba mdomo kwa kanga. Majirani waliacha vikapu wakafuata. Walikwenda hivyo polepole mpaka kijia kilipogawanyika, kimoja kwenda kisimani, kingine mashambani.

"Ni hapa," alisema Mwongozaji.

Mama alipapasa chini kwa mguu wake wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka akazipata njia zote mbili. "Ulimwambia nini hapa?"

"Nilimwambia asubiri."

"Hilo nimelisikia miaka yote. Jingine."

Mwongozaji aliishika ncha ya fimbo kwa mikono yote miwili.

"Nilimwambia wasipokuja, afuate kijito. Kijito kinaangukia kwenye mawe. Mimi sikujua, na nilimwambia kama mtu anayejua. Alisubiri, mayu. Mizigo aliitundika na kuifunika. Wageni hawakuja, akafuata maji kama nilivyomwambia. Hakuchukuliwa na mtu. Alinitii mimi."

Mama Kabula alikaa chini pale pale njiani.

Mama yake hakukaa. Uso wake haukubadilika. Aligeukia upande ambao alisikia nyayo za majirani, akauliza ni akina nani waliopo. Wakataja majina yao. Akamwambia Mwongozaji, "Rudia. Hawa ndio waliokuwa wanasema mwanangu ni mkaidi. Rudia wasikie."

Akarudia.

"Kwa sauti."

Akarudia kwa sauti, akapaza mpaka watu wa shamba la mbali wakainua vichwa. Alisema Masunga alitii. Alisema kosa ni lake. Sauti ilimkatika katikati, mama akangoja, akamwambia amalizie. Akamalizia.

Kisha mama aliiachia fimbo. Alimwita binti yake ainuke, akashika bega lake, na wakarudi nyumbani wawili, majirani nyuma yao. Mwongozaji alibaki pale na fimbo mkononi. Hakuna aliyemwambia aje, na yeye asingeweza kwenda bila kuitwa.

Haukupita muda tukasikia ukunga kutoka nyumbani, ule wa msiba. Ulianza mmoja, ukaitikiwa kutoka nyumba ya pili, kisha ya tatu, ukazunguka kijiji. Watu walianza kupita mbio kwenye kile kijia kuelekea huko, wanawake wakijifunga kanga kiunoni. Walitupita bila kutusalimia.

"Wanamlilia?" aliniuliza, ingawa alikuwa anasikia.

"Wanamlilia."

Alikaa chini kwenye udongo mweusi, katikati ya mistari ya pamba, mikono imelegea magotini. Nilijaribu kumwinua kama alivyoniomba, akakataa kwa kichwa. Nikakaa karibu naye. Jua likashuka, watu wakazidi kupita, na kila aliyepita alimtazama Mwongozaji kuona kama atainuka. Hakuna aliyekuja kutuita.